Mashine Inayoguna

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetukanwa na laptopu. Haikusema kitu — ndiyo matusi yenyewe.

Kitinda wangu, mtoto wa mwisho, anatetea tasnifu yake Jumamosi. Chuo kikuu, mbele ya maprofesa, mambo ya ukungu unaoharibu mahindi ghalani. Mtoto niliyemshonea sare ya kwanza kwa mabaki ya mapazia, leo anawaambia maprofesa kuhusu ukungu. Amenitumia kiungo. Ukikibonyeza unaingia ukumbini kwa intaneti, unawaona na kuwasikia kama umekaa nao. Nikamuuliza kwa nini wanaita kutetea, kwani ameshtakiwa na nani. Akacheka. Wao wanauliza, mama, mimi najibu, wakiridhika wananipitisha. Na wasiporidhika? Hapo hakucheka sana. Kuna profesa mgeni wanamleta kutoka chuo kingine, huyo ndiye anayemnyima usingizi.

Mimi sina wasiwasi. Nimewaalika wenzangu wote wa chumba cha kushonea waje kwangu wamsikilize. Hata mkata vitambaa, ambaye hatusemezani tangu tulipogombana kwa ajili ya kola. Aje asikie mtoto wa mwenzake akiongea na watu wazima.

Jioni nikaiwasha laptopu nijaribu. Picha safi kabisa. Mtangazaji wa habari anafungua mdomo, anafumba, anainua nyusi, anapanga karatasi zake. Sauti hakuna. Nikaongeza. Nikaongeza mpaka mwisho. Hakuna.

Laptopu ndiyo ileile aliyosomea Kitinda mpaka digrii ya kwanza. Ilipoanza kujikokota, kaka yake akaifuta yote akaweka hii Linux. Nyepesi, mama, halafu ya bure, itaishi kuliko sisi. Itaishi kuliko mimi kweli, maana itaniua kwa presha.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipeleka kwa fundi wa kompyuta, yule jirani na duka la dawa. Kijana ana miwani ya bei na kucha ndefu. Akaifungua, akapuliza vumbi, akaigonga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Kisha akaniangalia kwa huruma. Sipendi kuangaliwa kwa huruma.

"Mama, hii ni Linux. Linux haina sauti."

"Haina, au wewe huijui?"

"Uniachie wiki moja niweke ile ya kawaida."

Wiki moja! Nikamwambia Jumamosi mwanangu anaongea na maprofesa, na aliyeiweka hii Linux ni mwanangu mwingine, anapanda minara ya simu, mirefu kuliko jengo hili. Wewe unapanda nini? Watu wa foleni wakacheka. Nikaikunja laptopu yangu, nikatoka kichwa juu.

Nikafika kona nikakumbuka nimeacha chaja. Kurudi mle ndani ilikuwa adhabu. Akanipa chaja huku midomo yake inacheka peke yake.

Jioni akaja wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, na gauni lake la zipu iliyokatika. Akaikuta laptopu mezani na mimi nimeinama juu yake. "Wifi, ya nini mateso yote haya? Walete wageni kwangu. TV yangu ya ukutani, ikiongea vikombe vinatikisika."

Nikamwambia avishike vikombe vyake visianguke.

"Haya. Basi mtamtazama mtoto kama bubu."

Bubu. Mwanangu. Nilikuwa na hasira hivyohivyo nikaketi kwenye cherehani nikamtilia zipu, na sasa naona nimeitia kichwa chini. Nitaifumua. Si leo.

Jumatano, 5 Machi

Mwanangu wa minara amepiga simu mchana. Upepo unavuma kwenye simu utadhani mtu anapuliza chupa. Nikamwambia shuka kwanza ndipo tuongee. Akasema nipo chini, mama, huku ndivyo kulivyo.

Akasema fungua kile kidirisha cheusi. Nikafungua. Andika neno hili — akanitajia herufi mojamoja, alsamixer. Nikaandika. Mashine ikakataa, eti haiijui amri hiyo. Tukarudia. Ikakataa. Tukarudia tena mpaka na yeye sauti ikaanza kubadilika.

"Mama, kwani umeandikaje?"

"Vizuri. Herufi kubwa mwanzo, nukta mwisho."

"Usiweke nukta, mama. Wala herufi kubwa."

Mwalimu wangu alituchapa kwa ajili ya nukta hiyo. Miaka yote sijaandika hata orodha ya vifungo bila nukta. Sasa huyo aliyeitengeneza Linux yeye alisomea wapi?

Bila nukta ikakubali. Zikatokea nguzo za rangi, kijani chini, nyeupe katikati, nyekundu juu. Nzuri, kama kitambaa cha mapazia. Nikamwambia. Akasema safi, tumekaribia, sasa angalia ile nguzo ya kwanza, chini yake kuna kisanduku kidogo, kimeandikwa nini?

"Mm," nikamsomea.

"Angalia vizuri, mama. Chini ya nguzo."

"Nimeangalia. Mm."

"Mama, usigune. Najua umechoka. Nisomee tu."

"Siguni. Nakusomea. Mm."

"Mama jamani, mimi niko kazini."

"Na mimi niko kazini, nimeacha sare za watu mezani ili nikae hapa niseme mm."

"Basi. Ukitulia tutaongea." Akakata.

Amenikatia simu. Mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Na ile mashine nayo imekaa pale na kisanduku chake, mm, mm, kama mtoto anayekataa uji. Nilikuwa nalea watoto, sasa nalea na mashine.

Alhamisi, 6 Machi

Sikumpigia. Yeye akapiga, sikupokea. Na yeye aone inavyokuwa.

Kazini mkata vitambaa akauliza mbele ya watu kama bado tunakuja Jumamosi. Nikasema njooni, na mje na viti.

Mapema usiku Kitinda akapiga kwenye hiki kisimu changu cha vitufe. Anafanya mazoezi. Alinisomea ule mwanzo wake wote, mimi naendelea kushona vifungo, na sikukosa hata neno. Anaongea, huyu mtoto! Ila akifika kwenye maswali pumzi inapanda. Eti huyo profesa mgeni mwaka jana alimrudisha mwanafunzi nyumbani, mtu na suti yake mpya na wazazi wake nje na maua.

Akasema: "Mama, sauti imekubali?"

Nikasema imekubali.

"Afadhali. Nikijua unanisikia sitababaika."

Nimemdanganya mtoto kwa sababu ya mashine. Nikaiangalia pale mezani nikatamani kuipiga na pasi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepokea simu ya kijana wangu wa minara. Sikusalimia. Akasalimia yeye, shikamoo mama, mara mbili, ya pili kwa unyenyekevu. Marahaba. Nikaweka simu juu ya meza, sauti ya nje, tukafungua tena kidirisha cheusi. Tumefika kwenye nguzo. Chini pameandikwaje, mama, tafadhali?

"Mm."

Akavuta pumzi. Na mimi nikavuta yangu. Tulikuwa tunaelekea kulekule kwa juzi, na mlangoni akasimama wifi, amefuata gauni lake. Akainamia kioo na marashi yake yote.

"Mbona hapa pameandikwa M mbili?"

Akadakia kwenye simu: "Shangazi? Rudia hapo."

"M mbili. M na M."

Kijana akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, hiyo ndiyo uliyokuwa unanisomea?"

"Nilikusomea Jumatano! Nikakusomea na leo!"

Kumbe hizo M ndizo zinazosema imefungwa mdomo. Akasema bonyeza herufi M. Nikabonyeza. Zile M zikaondoka, zikaja sifuri mbili. Sasa inasema oo, nikamwambia. Akacheka upya. Mimi sikuona cha kuchekesha. Siku mbili nzima nimeonekana mama mkorofi anayegunia watoto wake, na nilikuwa nasoma kilichoandikwa, herufi kwa herufi.

Na sauti bado hakuna. Akaniambia nichomeke hedfoni. Nikatafuta zile za Kitinda za zamani kwenye kopo la uzi, nikachomeka — na mtangazaji akaongea. Sikioni kwangu, upande mmoja, wa pili umekufa. Lakini akaongea. Bei ya mafuta. Nilitaka kumbusu.

Kwenye spika zenyewe, kimya. Kijana akasema tundu la hedfoni limechakaa, mashine inadhani imechomekwa muda wote, kwa hiyo inazifunga spika. Kuna mahali pa kuizuia. Ila gari linaondoka, wanakwenda mnara mwingine. "Nitakupigia kesho asubuhi kabla haijaanza, mama. Jambo la dakika tu."

Wifi ameondoka na gauni lake. Ameshamwambia jirani wa kulia kwamba ametengeneza laptopu. Kabla sijalala jirani wa kushoto atakuwa anajua. Zipu bado iko kichwa chini. Imebaki hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi. Kijana hapatikani. Nimepiga, nimepiga, mwanamke yule wa kwenye simu ananijibu kwa adabu kwamba hapatikani. Anayefunga minara ya simu hapatikani kwa simu. Nani atanieleza hilo.

Wameshaanza kuja. Mkata vitambaa kaja wa kwanza, na kiti, na kiatu kizuri. Nimewapanga mbele ya meza, warefu nyuma. Wifi kaketi mbele bila kupangwa. Amesema tena, kwangu vikombe vinatikisika, ni hapo tu, tunavuka barabara. Nikamwambia imeshaanza. Haikuwa imeanza.

Nimebonyeza kiungo. Ukumbi, meza ndefu, maji kwenye glasi. Kitinda wangu kasimama, kavaa suti niliyoikata mwenyewe. Mabega yamekaa. Nimewaambia wote waangalie mabega.

Bado Jumamosi

Naandika huku nasikiliza. Sikio ni moja na watu ni chumba kizima, ikabidi mimi nivae niwe nawatangazia. Mwanzoni ilikwenda vizuri sana. Anasema ukungu unaanzia kwenye unyevu. Anasema magunia yakigusa ukuta yameisha. Maneno makubwa nikawa nayaruka, na mengine nikayaongezea utamu kidogo. Mkata vitambaa akasema huyu kweli kasoma. Nilijifanya sijasikia ili arudie. Akarudia.

Kisha wifi akasema, wifi, wewe unasema haraka, tuandikie halafu utatusomea taratibu. Nikachukua kitabu kilichokuwa karibu, ndicho hiki changu cha kumbukumbu. Nimekigeuzia upande wa ukuta wasikione.

Mwalimu wake ameuliza, amejibu. Mama mwenye kilemba ameuliza, amejibu, na yule mama akatingisha kichwa kwa kuridhika. Nikawatangazia hayo yote.

Sasa ni profesa mgeni. Mzee mwembamba, anaongea polepole, hana ukali hata kidogo, na hilo silipendi. Amemuuliza ghala moja liko wapi. Anasema katika maelezo umetutajia maghala sita, katika hesabu zako ni matano. Moja limekwenda wapi?

Kitinda hajajibu.

Nasikia karatasi zikifunuliwa. Nasikia mtu anaweka glasi mezani. Nasikia feni ya ukumbini kwao, ina kitu kinagonga. Nasikia na pumzi yake, ile ya kupanda.

Wifi amegeuka. "Imekatika?"

Wote wananiangalia. Mkata vitambaa pia.

Nikasema imekatika. Nikasema mashine hii, nimeshawaambia, haifai hii.

Wameanza kuisema. Mmoja anasema itupwe. Mwingine anasema yule fundi alikuwa sahihi, Linux haina sauti. Wifi anaipiga mgongoni kwa kiganja. Nimewaacha waipige. Nimeisukuma hedfoni ndani zaidi na kidole, naandika chochote ili nionekane nasubiri.

Profesa amerudia swali. Taratibu, kama mtu anayemuuliza mtoto jina lake. Ghala la sita, anasema. Chukua muda wako.

Sema, mwanangu. Sema chochote. Nipo hapa, nakusikia.

Wifi anauliza imerudi?

Nimemtikisia kichwa. Bado.