Bisibisi Ilizama Mpaka Mpini

Tove, uko? Niko nje ya kituo cha ukaguzi na lile trela la farasi nililonunua. Limekataliwa.

Mkaguzi, mzee anaitwa Preben, aliinua mkeka wa mpira akachoma sakafu kwa bisibisi. Ikazama mpaka mpini! Mbao zimeoza, Tove. Na kesho nilitaka kumpakia farasi wangu Freja humo!

Akaniambia, "Mama, farasi angetumbukiza mguu barabarani. Kwani mumeo hakuangalia kabla hamjanunua?"

Unajua nilimjibu nini? "Nitamuuliza nikifika nyumbani."

Nitamuuliza! Egon, niliyemzika mwezi wa pili!

Mzee wa watu akacheka, "Mgombeze kwelikweli!" Na mimi nikacheka. Nilicheka, Tove.

Halafu akasema, "Mkishabadilisha mbao mrudi wawili, mmoja akanyage breki, mwingine atazame taa."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia, "Hatuko wawili. Mume wangu amefariki."

Akavua kofia. "Basi njoo tu, mama. Taa nitatazama mimi."

Ndiyo mara ya kwanza nalitamka neno hilo, na nimemtamkia mkaguzi wa magari.

Usinipigie, nitalia.

La, nipigie.