Barua Niliyosema Nimeituma

Dayton, Ohio
Oktoba 20

Mama Verdell mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini goti limepata nafuu na daktari amekuruhusu kurudi kwaya. Mimi mwili hauna neno. Nimechukua kalamu badala ya simu kwa kuwa kwenye simu ungeisikia sauti yangu ukanihurumia kabla sijamaliza.

Mwaliko wako umenifika. Unataka nije Birmingham mwezi ujao, kikundi chako cha kulea wasichana kikitimiza miaka thelathini, niwaeleze wasichana jinsi ulivyonishika mkono. Na kweli ulinishika. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwalimu wa hesabu amenihamishia nyuma ya darasa kwa sababu, alisema, nina mdomo. Ukaja shuleni na kofia yako ya kanisani, ukakaa kwenye kile kiti kidogo mpaka akanirudisha mbele. Leo nakagua madaraja ya jimbo zima. Sijasahau. Lakini kabla sijapanda jukwaani kwako, ujue anayepanda ni nani.

Nilikwisha kukudokeza habari za Zaniya, binti niliyepewa kumlea katika kikundi cha wasichana kinachokutana kila Jumamosi chumba cha chini cha kanisa letu. Ana miaka kumi na mitano, analelewa na bibi yake, Bi Ozella, aliyekuwa mpishi wa shule. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu, akauliza kama wahandisi wote huvaa kama wanaokwenda mazishini. Tukapatana hapo hapo. Alijenga daraja la vijiti vya aiskrimu, likabeba matofali manne. La tano lilipoliangusha hakununa kama wenzake. Aliokota vipande akitafuta ni kijiti kipi kilichotangulia kukatika. Kazini nina watu wazima wasiojua kuuliza hivyo.

Januari aliomba nafasi katika kozi ya uhandisi ya kiangazi, wiki sita chuoni. Insha yake aliiandika mara saba. Aprili jibu likaja, mistari mitatu: hakuchaguliwa. Nilimkuta ngazini kwa bibi yake, amevuta kofia ya sweta mpaka machoni. Nikamkumbatia. Nikamwambia asivunjike moyo, dunia hii ina mizani mbili, na sisi wasichana weusi hupimiwa kwenye ile iliyochezewa. Bi Ozella alinishukuru huku akilengwa na machozi. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Akanikalisha mezani, nikala nyama ya nguruwe na makaroni ya jibini na pai ya viazi vitamu, na nyingine nikafungiwa niende nayo.

Tangu siku ile binti akawa anateleza chini kidogo kidogo. Aliacha hesabu za darasa la juu, akahamia la kawaida. Mwenzake alipomuuliza sababu, alijibu kwamba mambo yale ni ya wenye vichwa, yeye ana mdomo tu. Nililisikia neno lile kwa masikio yangu, Mama, nikajifanya natafuta gundi.

Sasa lisikie lenyewe. Zaniya hakukataliwa. Ombi lake halikusomwa hata ukurasa mmoja. Lilihitaji barua ya mtu mzima anayemfahamu, na mtu huyo nilikuwa mimi, na sikuiandika.

Sikuumwa, sikusafiri. Wiki ile jiji lilikuwa linanipa nishani ya kulea wasichana, na jioni tatu mfululizo nilikuwa natengeneza hotuba. Humo nilimsifu Zaniya mpaka watu wakasimama kupiga makofi. Siku ya mwisho ya kupokea barua ilipita nikiwa kwa msusi. Jumamosi yake aliponiuliza kama nimeituma, nikasema, "Zamani." Jibu la chuo lilipotoka nilipiga simu, karani akaniambia faili lilifungwa kwa kukosa karatasi moja. Kwa hiyo Pasaka ile nilijua. Dhuluma ambazo wewe na rika lako mlizibeba kwelikweli, mimi nilizifanya shuka la kujifunika.

Miezi sita nilinyamaza. Mwaliko wako ndio ulionivunja. Jumapili ya wiki iliyopita, baada ya ibada, nilikwenda kwa Bi Ozella, nikawaomba wakae, nikasema yote. Bibi alikuwa anachambua mboga. Hakuinua sauti.

"Ulikula kwangu Pasaka," alisema. "Ulikuwa unajua?"

Nikasema nilijua. Akarudi kwenye mboga zake, na mpaka naondoka hakunitazama tena.

Lakini aliyenimaliza ni Zaniya. Nilijiandaa kutukanwa. Akauliza polepole, kama anayeogopa jibu, "Kwa hiyo hawakuniona sifai?"

Nikamwambia hakuna aliyemwona kabisa. Akajifunika uso, akalia, na kile kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Mtoto alifurahi, Mama. Heri angenizaba kofi.

Hasira ilikuja baadaye, alipokwisha kujifuta. "Miezi sita, Bi Latrice. Namwambia kila mtu mimi mjinga, na wewe umekaa pale pale unanisikia."

Jumatatu nilikwenda shuleni kwake nikamweleza mwalimu mambo hayo hayo. Zaniya atapewa mtihani wa kurudi darasa la juu. Chuo nacho nimekiandikia. Wamejibu aombe tena mwakani, bila ahadi. Amekubali, kwa sharti lake: barua yangu nitaiandika mezani kwa bibi yake, yeye amekaa mbele yangu, na kuituma ataituma mwenyewe. Siku za Jumamosi amehamia kwa mama mlezi mwingine, mwuguzi, mtu wa maneno machache. Namwona akicheka naye upande wa pili wa chumba.

Nishani bado iko ukutani ofisini. Nimeshindwa kuiondoa, maana wenzangu watauliza.

Suala la jukwaa nakuachia wewe. Ukisema nisije, sitanung'unika. Ukisema nije, nitawaambia wasichana haya haya, nawe utakuwa mstari wa mbele ukisikia, na sijui kama nitaweza kukutazama.

Unisalimie Mzee Cleophus na wanakwaya wote. Mungu akulinde na baridi inayokuja.

Ni mimi mwanao, kama jina hilo bado ni langu,

Latrice