Nimeyasema Mbele ya Foleni Nzima

Ndugu yangu, nimepayuka hospitali mbele ya foleni nzima na sijutii hata chembe.

Tumbo la Bibi limekuwa gumu kama ubao tangu asubuhi. Daktari kaligusa mara mbili tu, kasema ni vidonda vya tumbo, akaandika vidonge, turudi nyumbani. Turudi nyumbani! Bibi hata kusimama hawezi!

Nikamwambia, "Daktari, anatokwa na usaha ukeni, wiki ya pili sasa."

Shangazi akanivuta shati. "Huna haya wewe! Umeyajuaje?"

"Nguo zake nafua mimi, Shangazi. Wewe umewahi kuzifua?"

Akaliachia shati langu.

Daktari akacheka. "Kijana, ana miaka themanini na moja. Kizazi kilishastaafu."

Eti kilishastaafu! Nikakaa mlangoni, nikasema hapiti mtu mpaka kipimwe.

Wamempiga picha. Kizazi kilijaa usaha, kikapasuka, ukamwagika tumboni. Sasa hivi yuko chumba cha upasuaji.

Kabla hajaingizwa nikamwomba radhi kwa kuitoa siri yake. Akanifinya mkono. "Ulitaka nizikwe na heshima zangu, mume wangu? Waache waseme. Mimi narudi."