Toa Mmoja

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku tunaamka vizuri, ila mikono yangu imeanza kupasuka kwa baridi. Mama hajambo, anauliza goti lako. Na kifua je, kinakuacha ulale?

Ile kazi uliyoniombea nimeianza. Nashika ufunguo wa chumba cha baridi, kile kikubwa cha maboksi ya samaki. Wapagazi wanaingia na kutoka, jioni nazungusha ufunguo na milango yote miwili inakaza, wa mbele na ule mdogo wa nyuma wanaopitia mafundi. Kuongea si kwingi. Kunanifaa, unanijua.

Nina swali. Wanasema ule ubao wa namba nyekundu, unaoonyesha wangapi wamo ndani, uliutengeneza wewe. Sasa Mjomba, wakiingia watano unasema sita. Wakitoka wote unasema mmoja. Siku ya kwanza nilikataa kufunga, wakanicheka. Msimamizi akasema, "Toa mmoja, kijana. Kila siku toa mmoja." Wapagazi wanamwita huyo mmoja Mpangaji. Wakitoka wanamuaga, "Mpangaji, lala salama."

Mimi sicheki. Nikifunga namba ikiwa pale, naona kama namfungia mtu.

Mpwa wako


11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti linasumbua kwenye ngazi tu, na mimi ngazi nimezisusa. Msalimie dada yangu.

Ubao ni mzee, kama mimi. Fanya wanavyofanya wenzako, toa mmoja, funga, nenda nyumbani. Kazi ukiichunguza sana inakutoroka.

Mjomba wako


29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, na wewe tunakuombea.

Najua uliniambia nisichunguze. Lakini wameleta kijana wa kompyuta, tunamwita Miwani. Kasema kosa liko kwenye hesabu ya mlango wa nyuma. Akaiuliza hiyo hesabu peke yake pale kwenye kompyuta, ikasema sifuri. Akanituma nipite mlango wa nyuma, ikasema mmoja. Nikatoka, sifuri. Iko sawa kabisa! Ila ubao unaongeza mmoja vilevile. Akaifuta hesabu nzima, akaandika mpya kwa mkono wake. Ubao, mmoja. Miwani akavua miwani, akaifuta, akasema, "Huu ubao unaongea na nani?"

Mpagazi mmoja wa zamani akanivuta pembeni. Kasema miaka sita iliyopita kuna fundi alifungiwa humu, wakamkuta asubuhi. Kasema na wewe uliacha kazi mwezi uleule.

Mjomba, ni kweli?

Mpwa wako


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mwezi umepita na barua yako sijaiona. Mama anasema labda unaumwa. Mimi nadhani huumwi.

Jana namba ilikuwa mbili na wote walikuwa nje, nilivyodhani. Wakasema labda Mpangaji kaoa. Nikaingia kutazama, nikamkuta mpagazi amechuchumaa nyuma ya maboksi anatafuta glavu yake. Huyo alipita mbele, ndiyo maana ubao ulimwona. Angepita nyuma, je?

Nijibu.

Mpwa wako


14 Mei

Mpwa wangu,

Shikamoo zako zote nimezipokea kwa pamoja, marahaba. Goti lina nafuu kuliko mwenye goti.

Ni kweli. Nisikilize taratibu.

Ubao niliuandika kwa lugha inaitwa Lisp. Mashine haisomi niliyoandika. Katikati kuna kompaila, ndiyo inayoyageuza maandishi yangu kuwa amri. Nayo ina orodha ya kazi inazozijua, na kila kazi ina maelezo yake. Ikikuta mbili jumlisha mbili haiandiki amri ya kwenda kujumlisha. Inajumlisha palepale, inaandika nne, imekwisha. Kazi inayoijua haiendi kuiuliza tena.

Ubao wangu ulikuwa mzito kujibu, na mimi nilikuwa na haraka. Nikaziingiza kazi nilizoziandika mwenyewe kwenye ile orodha kwa mkupuo, zote kwa alama moja: jibu lake halibadiliki, na haigusi kitu chochote nje. Hesabu ya mbele ilipona kwa sababu niliiandika mlemle ndani ya ubao, haikusimama peke yake. Ya nyuma ikabebwa. Kompaila ilipoifikia iliiendesha mara moja tu, ikapata mmoja, ikalipanda lile jibu kwenye ubao. Maana saa ile rafiki yangu, fundi wa majokofu, alikuwa kapita nyuma kutazama feni.

Ndiyo maana Miwani akiiuliza inamjibu vizuri. Iko hai. Ila ubao hauiulizi. Ulishaambiwa.

Tulicheka sana. Rafiki yangu akasema, "Huyo ni kivuli changu, mwacheni alinde." Nikawa nasema nitarekebisha kesho. Wiki ya tatu akapita nyuma tena. Ubao ukasema mmoja. Mlangoni nilikuwepo, na aliyesema toa mmoja ni mimi.

Mwambie Miwani afute ile alama ya mlango wa nyuma, kisha aupitishe ubao wote upya kwenye kompaila. Asipoupitisha upya, ule wa zamani hautajua kwamba kuna kilichofutwa. Akimaliza nitakuja mwenyewe, nipite nyuma, nihesabiwe.

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Ulifika salama? Vidole vinasemaje? Uliondoka bila kunywa hata maji, Mama kanuna mpaka leo.

Siku ile hatukuongea, basi naandika. Miwani alivyomaliza ubao ukasema sifuri. Wapagazi walisogea kuutazama. Mmoja akasema polepole, "Mpangaji kahama," na hakuna aliyecheka. Kisha wewe ukapita nyuma, nikakuona kwa macho yangu. Namba ikaja, mmoja. Ilikuwa kweli sasa, mmoja wa kweli.

Msimamizi akapita na koti lake begani. Akautupia jicho ubao, akasema, "Toa mmoja, funga, watu waende."

Na mimi nikafunga.

Mjomba, nilijua umo. Sikusahau. Mkono ulizunguka wenyewe, haukuniuliza. Nikavua glavu, nikazitundika, nikafika getini, ndipo nikajisikia napiga kelele. Sijawahi kupiga kelele mbele za watu. Dakika kumi na moja, Miwani alizihesabu baadaye. Nilikukuta umekaa chini, nyusi nyeupe.

Kinachoninyima usingizi ni kimoja. Pale kwenye feni kuna kitufe cha kengele, na kengele yenyewe iko juu ya mlango wa mbele. Ningeisikia. Haikulia. Mjomba, mbona hukubonyeza? Ulitaka kubaki na rafiki yako?

Mpwa wako


5 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Vidole viwili bado havijui kama ni vyangu. Mwambie dada yangu maji yake nitayanywa, asinune.

Mkono wako nausamehe. Ni mkono wangu uleule.

Nilibonyeza. Mara tisa.

Kengele nayo nilikuwa nimeiingiza katika ule mkupuo. Kazi ambayo umesema haigusi kitu nje, na jibu lake hakuna anayelihitaji, kompaila haioni sababu ya kuifanya. Inaitupa. Kitufe kipo, waya upo, kengele ipo, na katikati hapana kitu. Mimi nilimtuma Miwani afute alama moja tu, ya mlango.

Azitafute zote, moja baada ya nyingine. Mpaka amalize usifunge kwa kuangalia ubao. Ingia mpaka kwenye feni, uwaite watu kwa majina.

Miaka sita najiambia rafiki yangu hakubonyeza, kwamba baridi ilimlaza mapema, hakujua. Nilipokaa pale nilikitazama kile kitufe. Ni chekundu pembeni tu. Katikati rangi imelika, chuma kinaonekana.

Kubonyeza kwangu mara tisa hakuwezi kumaliza rangi.

Mjomba wako