Kidirisha cha Nyama

Kitwe, 2 Februari 1954

Dada yangu Nesta,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, wewe na Shemeji Osea na watoto. Mimi huku sijambo, ile homa ya Krismasi imekwisha. Mvua zimenyesha vizuri hapo Mlowo? Kahawa imebeba?

Dada, kaa kitako kwanza. Nimepandishwa. Sifagii tena uani. Sasa niko ndani ya bucha, upande wa nyama, na mtu mweusi mwingine humo hakuna. Navaa aproni nyeupe, inafuliwa kila siku. Mama wa Kizungu wakiingia wananisalimu kwa jina. Watu wetu hawaruhusiwi kuingia. Wananunua kwenye kidirisha cha ubavuni, na mimi ndiye ninayewapa. Nimepewa na nyumba ya matofali. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni tangu Mama alipofariki, basi njoo uone mtoto wako amefika wapi. Lori za kuja huku zipo pale mpakani Tunduma. Njoo kabla ya mavuno.

Mdogo wako,
Damiano

Mlowo, 14 Juni 1954

Damiano,

Hujambo. Sisi tumeamka. Nimefika salama, ila kiuno kimekwisha kwa lile lori.

Sikukuandikia mapema kwa sababu ningeandika matusi, na hata sasa sijui kama nimepoa. Nilifika Kitwe asubuhi, nikasema nisiende nyumbani kwako, nikushtukize kazini. Nikakuta wanawake wamepanga mstari juani, nami nikapanga. Kidirisha chenyewe kiko juu, mtu humwoni, unaona mkono tu. Nikanyoosha wangu, nikawekewa kifurushi cha gazeti. Nikakifungua palepale: mishipa, mafuta na harufu. Nikasema nyama hii imeoza, nipe nyingine. Ukasema, "Chukua uondoke, wenzako wanangoja." Wewe, niliyekufundisha kusema.

Nikazunguka, nikaingia kwa mlango. Yule Bwana mwenye bucha akapiga kelele, nawe ukanitambua, nilikuona umenitambua. Nikangoja useme huyu ni dada yangu. Ukanishika mkono ukanitoa nje, ukaninong'oneza nikusubiri uani mpaka jioni, nisikuharibie.

Nisikuharibie nini, Damiano? Sikukusubiri. Nililala kwa watu wa Tunduma walioko kompaundi, kwenye makazi ya wafanyakazi weusi, kesho yake nikarudi Mlowo. Umewekwa ndani ili uwatupie wenzako mabaki, nawe unachekelea aproni. Lile blanketi ulilonitumia Krismasi nimemkabidhi dereva wa lori akurudishie. Usinitumie kitu tena.

Dada yako, kama bado wanitaka,
Nesta

Kitwe, 5 Julai 1954

Dada Nesta,

Natumaini mu wazima. Mimi si mzima sana, lakini hilo tuliache.

Nimekusoma mpaka mwisho. Ulitaka niseme wewe ni dada yangu, halafu? Jioni ile ningelala nje, kesho mtu mwingine angevaa aproni, na nyama ingekuwa ileile. Kidirisha sikukitoboa mimi.

Na tukiongea madirisha, tuongee yote. Tusekile, yule kibarua wenu, anavuna kahawa yenu tangu mimi niko shule. Kila msimu anakuja na wenzake kutoka Ibaba kwa miguu, wanalala kwenye kibanda cha mbolea. Wanakula wapi? Nyuma ya jiko. Unawapitishia ugali dirishani, nimekuona kwa macho yangu, na maharage yaliyolala. Nyinyi ndani mna sahani za maua na chai ya maziwa. Ada yangu ya shule imetoka mgongoni kwa Tusekile, na dada yangu hajui hata watoto wa kibarua wake wanaitwa nani. Kisha unapanda lori kuja kunifundisha utu.

Mdogo wako, upende usipende,
Damiano

Mlowo, 26 Septemba 1954

Mdogo wangu,

Za siku nyingi. Watoto wazima, Osea anasumbuliwa na mguu. Wewe afya yako ikoje? Nauliza kwa moyo.

Barua yako niliichoma, nikaapa sitakujibu. Msimu ukaanza. Nikawa nakutukana peke yangu jikoni, na huku natukana, mkono wangu uko dirishani unapitisha ugali. Nikachoka.

Jumamosi moja nikachinja kuku, nikatandika mkeka sebuleni, nikamwita Tusekile na wenzake waingie kwa mlango wa mbele. Hawakuja. Nikatoka kuwaita tena. Tusekile akapiga magoti pale kizingitini, hajatua hata kikapu cha kahawa, akasema, "Mama, tumekosa nini?"

Alidhani nawafukuza. Miaka yote hiyo, anajua mtu wa kwao akiitwa ndani ni kwa mabaya. Nililia mbele yao, nao wakazidi kuogopa.

Sasa wanakula ndani, na wanalala chumba chako. Osea amenuna, anasema Kitwe imenipanda kichwani. Mke wa mzee wa kanisa alikuja kunionya kwamba nawaharibia watu vibarua wao. Nikamwambia kama kibarua anaharibika kwa kuketi, basi waharibike wote. Najua mkeka hautoshi. Shamba bado ni letu, na mgongo bado ni wa Tusekile. Mwanawe mkubwa anaitwa Fides, mdogo Lusubilo. Nimeanza, na sirudi nyuma, anune atakayenuna.

Kwa hiyo juu yangu ulisema kweli. Lakini makosa yangu hayakusafishi wewe. Usiniandikie tena mpaka uwe na la kusema.

Dada yako,
Nesta

Kitwe, 12 Desemba 1954

Dada yangu,

Shikamoo. Msalimie Shemeji, na Tusekile akija mwakani, na wanawe. Mimi nipo, mbavu tu zinauma.

Ninalo la kusema. Jumamosi iliyopita mama mmoja, Loisi, alikirudisha kifurushi dirishani. Akasema nyama ya wiki iliyotangulia imemharisha mwanawe, leo hachukui asichokiona. Bwana akaniamuru nifunge kidirisha mpaka wajifunze adabu. Nikakifunga. Kisha nikaenda nikaufungua mlango, nikawaambia, "Ingieni, akina mama, mchague."

Waliingia taratibu, wengine wakafuta miguu kwanza. Loisi akaonyesha paja la ng'ombe, nikakata, nikapima mbele yake. Wa pili naye nikamhudumia. Wa tatu akiwa anachagua, polisi wakafika.

Nililala mahabusu, kisha wakaniachia. Kazi hakuna, na nyumba waliichukua siku hiyohiyo. Naishi kwa akina Loisi, chumba kimoja na jamaa yake yote, na maji tunapanga mstari. Nilikaa ng'ambo ya ukuta karibu mwaka mzima, nikidhani ni akili zangu zilizonifikisha. Nilikuwa nimesimama juu ya watu, Dada, na sasa nawajua kwa majina.

Usiniambie nirudi nyumbani. Tangu Jumatatu hakuna mwanamke wa kompaundi aliyenunua pale. Tunasimama mbele ya mlango kutwa, kimya. Bwana anakifungua kidirisha mwenyewe, anatoa mkono na kifurushi, anapunguza bei, anapunguza tena, na hakuna anayepokea.

Mdogo wako,
Damiano