Hakim Aliila Ngome

Fittja, Jumatano

Mke wangu Shamim,

Asalaam aleikum. Mgongo unaniuma kwa kuosha mabasi huku ughaibuni, lakini nakula vizuri.

Jumapili nilicheza fainali ya sataranji ya klabu yetu na Hakim, yule wa Jinja. Ngome yangu ilikula farasi wake, nikijua italiwa, ingawa ngome ina thamani kuliko farasi. Akacheka: "Mzee Umar, usingizi umekushika?" Akaila. Hakim alianza na drafti ya vizibo vya soda kama sisi, ambako kete ikiachwa wazi lazima uile. Nilikaa saa nzima na jasho, bila uhakika. Lakini farasi wangu alishika katikati, hapakuwa na wa kumtoa, na ngome zake mbili zikakosa njia. Mwishowe akamlaza mfalme wake, akakubali kushindwa.

Sasa nikwambie. Msimamizi wa kazini aliniwekea tena mezani mkataba wa miaka miwili, mshahara umepanda. Mara tatu nimetia sahihi bila kukuuliza. Mara ya tatu ulikata simu.

Leo asubuhi nimeurudisha bila sahihi. Huenda tukajuta. Niambie kama bado unanitaka hapo nyumbani, nami nitakata tiketi.

Mumeo,
Umar