Goti la Kaka Filbert

Moshi mjini,
Jumanne.

Kaka yangu mpendwa Filbert,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Hellen na watoto hamjambo. Mama anaendeleaje na kikohozi? Mwambie amalize dawa hata kama amepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Ningeweza kupiga simu, lakini najua ningesikia sauti yako tu ningebadilisha mazungumzo.

Habari za cheo ni za kweli. Sasa naitwa Mtaalamu Mwandamizi wa Fiziotherapia. Siku ya kutangazwa, Mama Ruth, mgonjwa wangu wa kiharusi aliyeletwa amebebwa, alitembea mwenyewe hadi mlangoni, akaibariki mikono yangu mbele ya watu. Nilicheka naye, lakini moyoni nilikuwa nakuwaza wewe.

Wifi ameniambia umeshachagua mbuzi wa kunipongeza Jumapili baada ya ibada, na pombe ya mbege imeshaandaliwa. Ameniambia pia kwamba Ndelilio, mkuu wenu wa kazi, amekuondoa kwenye safari zote za mlimani, na kwamba wewe na rafiki yako Jesse, mwongozaji mwenzako, hamsalimiani hata kanisani, kwa kuwa unaamini yeye ndiye aliyekuchongea ili awaongoze wageni wako.

Kaka, Jesse hajasema neno.

Ulipokuja kliniki mwezi uliopita, nililishika goti lako nikajua kabla hata ya kuona picha. Gegedu linalozuia mifupa isisuguane limelika, halirudi tena. Ukaniuliza, "Mdogo wangu, nitapanda tena?" Nikakukumbuka ulivyoacha shule ukaenda kubeba mizigo ya wageni ili mimi nisome. Nikakujibu kwamba utapanda, fanya mazoezi tu. Kila siku nawaambia watu ukweli mgumu, kwako nilishindwa. Ukaondoka unacheka.

Kesho yake nilimpigia Ndelilio. Nilimwambia goti hilo likikuachia kwenye mteremko utaanguka pamoja na mgeni wako, nikamsihi asinitaje. Siri ya mgonjwa siruhusiwi kuitoa bila idhini yake. Nimeitoa ya kaka yangu mwenyewe, kisha nikanyamaza ukimchukia rafiki yako kwa kosa langu.

Mlima basi, kaka. Kuhudumia migomba ya kihamba chetu na kutembea hadi kanisani utaweza, nami nitakuja kukufanyisha mazoezi ukinikubali. Sherehe naomba tuiache kwanza. Jumamosi nitaanzia kwa Jesse, nimweleze mbele ya mkewe, ndipo nije kwako. Nikikuta umefunga mlango, nitakaa nje hadi utakapofungua, au hadi utakaponiambia niondoke.

Msalimie sana wifi na uwakumbatie watoto kwa niaba yangu. Mama usimwambie bado. Hilo nalo nitalisema kwa kinywa changu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye aibu mbele yako,
Elisifa